Madevelopa wa app mnaua simu nzima za watu, halafu lawama tunabeba sisi mafundi

Wakuu habari za mchana. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "simu gani nzuri kwa laki tatu" maana hapa sitafuti simu, nina hasira.

Mimi ni fundi simu, kibanda kipo Igoma hapa Mwanza, mwaka wa tisa huu. Kioo kikipasuka naweka, sistimu chaji ikifa nabadilisha, simu ikizama ziwani naifungua naiosha na spiriti naikausha na mara nyingi inawaka. Kitu nisichokiweza ni kutibu simu ambayo haiumwi, na siku hizi ndizo ninazoletewa kila wiki.

Jumamosi kaja mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anauza dagaa, mzigo anachukua Mwaloni Kirumba anapakia kwenye mabasi. Kafika anahema, "fundi mwanangu simu imekufa na hesabu zangu zote zimo humo." Naichukua, inawaka. Chaji inaingia, kioo hakina hata mstari, betri nilimwekea mwenyewe mwezi wa pili. Nikamuuliza mama imekufa wapi, ananionyesha app ya benki yake (jina naliacha, sina hela ya wakili). Ukiifungua inakwambia toleo hili halitumiki tena, apdeti ili uendelee, na kitufe ni kimoja tu, hakuna "baadaye" hakuna nini. Unabonyeza inakupeleka Play Store. Play Store inakwambia simu yako haiendani na toleo hili. Unarudi kwenye app, apdeti. Unaenda Play Store, haiendani. Tumezunguka hapo kama kuku aliyefungwa kamba mguuni mpaka yule mama akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Sasa mwanangu, wanataka niapdeti au hawataki niapdeti?"

Simu yake ni Android 6. Ndiyo ni ya zamani, ilitoka 2015, mimi sio mtoto najua. Lakini Ijumaa app ilikuwa inafungua vizuri na Jumamosi haifungui, na kati ya Ijumaa na Jumamosi kwenye ile simu hakijabadilika kitu hata skrubu moja. Kilichobadilika ni namba moja aliyoiandika mtu akiwa amekaa kwenye kiyoyozi, na amri ya kulifungia toleo la zamani.

Kwa wasiojua, hiyo namba inaitwa minSdk. Ndiyo inayosema simu ya chini kabisa itakayokubaliwa ni ipi. 21 ni Android 5, 23 ni Android 6, 24 ni Android 7, 26 ni Android 8. Ukiandika 26 basi kuanzia Android 7 kushuka chini wote mlango umefungwa, hata kama ndani ya app hamna kitu chochote kipya zaidi ya kubadilisha rangi ya kitufe na kuweka picha ya familia inacheka.

Nimeshabishana na madevelopa humu na mtaani na majibu yao nimeyakariri. Kubwa kuliko yote eti "sio sisi, Google ndio wanatulazimisha". Acheni uongo. Google kila mwaka wanalazimisha targetSdk, yaani app yako iwe imejaribiwa na kutengenezwa kwa Android za karibuni, minSdk yako hawaigusi. App inaweza kulenga Android 15 na bado ikampokea mtu wa Android 6 bila shida. Anayevichanganya hivi viwili ama kazi haijui ama anajua kabisa ila anatuona mazuzu.

Kuna mmoja dogo alinijibu kistaarabu, akaniambia bro tatizo vifaa tunavyotengenezea vyenyewe vimepanda, mfano React Native toka toleo la 0.76 la 2024 inataka Android 7 kwenda juu, siwezi kurudi nyuma. Hapo nilimwelewa, sina ugomvi. Toleo jipya liende na simu mpya. Ila nani kakutuma ulifungie lile la zamani ambalo tayari limo kwenye simu ya mtu na linafanya kazi? Chrome yenyewe toka Agosti 2025 matoleo mapya yanataka Android 10, lakini Chrome ya zamani iliyobaki kwenye simu ya mtu ukiigusa inafunguka, haikufungii kurasa zote ikakutukana. Google wenyewe hawajafanya hivyo kwa Chrome, wewe wa hapa hapa ndio umekuwa mkali kuliko mwenye mali.

Halafu kuna wa "wenye simu hizo ni asilimia mbili tu". Asilimia mbili ya kina nani? Ile chati inayokuja kwenye Android Studio (programu ya kutengenezea app) ukianza mradi ni ya dunia nzima mkuu, Wajerumani wamo mle na Wamarekani wamo, sio ya Igoma. Na ukishafunga mlango, mwezi ujao unaangalia takwimu zako unakuta sifuri unasema si mnaona, hakuna anayetumia. Umewafukuza mwenyewe halafu unashangaa hawapo!

Sasa hili la usalama ndilo linaloniudhi mpaka sauti inapanda. Nakubali kabisa, Android 6 apdeti za usalama ilishaacha kupata zamani na benki ina haki ya kuogopa. Lakini benki hiyo hiyo OTP yake (namba ya siri ya kutumia mara moja) inakuja kwa meseji ya kawaida kabisa. Na yule mama aliposhindwa, unajua nilimwokoa na nini? Kitochi. Laini nikaichomeka kwenye kitochi akaingia menyu ya nyota na reli akaona salio. Kitochi ambacho toka kitoke kiwandani hakijawahi kupata apdeti hata moja, kinakubaliwa, na ile menyu wala haina ulinzi wa kufunga ujumbe toka mwanzo mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo hatari ni ya simu ya tachi peke yake? Halafu kwenye ile menyu haoni orodha ya miamala yake, na yeye akipakia mzigo anachotaka ni kuona nani kalipa na nani kamlia kona.

Na mjue mkifunga mlango watu hawakai nje wakilia, wanapitia dirishani. App zikikataa wanarushiana APK (faili la app lisilopitia Play Store) kwenye magrupu, zimetoka wapi hakuna anayejua. WhatsApp zao nusu ni GB, ile isiyo rasmi. Mimi hapa kibandani kila wiki nasafisha simu zilizojaa matangazo yanayoruka yenyewe, ukiuliza unaambiwa "nilipewa na rafiki maana ya Play Store ilikataa". Huo ndio usalama mlioutafuta.

Mbona wapo wanaojua kuaga? WhatsApp walipoacha iPhone 5s na iPhone 6 Mei 2025, habari ilikuwa imetoka miezi kabla, mtu ana muda wa kuhamisha picha na kujipanga. Wale wa Let's Encrypt wanaotoa vyeti vya tovuti (vinavyoihakikishia simu kuwa tovuti ni ya kweli), cheti cha zamani walichokuwa wanakitegemea kiliisha 30 Septemba 2021 na Android zote za chini ya 7.1.1 zilikuwa zigome kufungua tovuti zenye vyeti vyao, wakahangaika wakapata njia ya kuzibeba hizo simu mpaka 2024, na walieleza wazi mwisho lini na kwa nini. Baada ya hapo wateja wakaanza kuniletea simu "intaneti mbovu", naingia settings nawawekea cheti kipya kwa mkono, dakika tano, buku mbili. Hao wako mbali huko na hawatudai hata shilingi. Benki inayomkata mama makato kila mwezi imeshindwa kumtumia meseji moja ya Kiswahili kwamba kuanzia tarehe fulani app itazima kwenye simu yako.

Najua atakuja mtu aseme laumu viwanda. Nawalaumu pia, tena sana. Simu ya Android 8.1 Go (ile nyepesi ya simu za bei ya chini) iliuzwa mpya na boksi lake huku hiyo Android imeshapitwa, na haikuletewa nyingine maisha yake yote. Mtasema fundi si uflashi, yaani uweke ROM (mfumo wa simu) mpya? Hizi simu za bei ya chini ROM mpya hazina, na hata ukipata, app ya benki ikiona simu imechezewa inakataa vile vile.

Ninachotaka sio kikubwa. Toleo la zamani liacheni liishi mpaka seva ikatae kweli kweli, na siku ikifika mtu aambiwe mapema. Mkishindwa hilo basi ile menyu ya nyota iwekewe orodha ya miamala.

EDIT: wanaouliza mama kaishia wapi. Jumatatu alienda tawini, dada wa dirishani akamwambia "mama badilisha simu". Juzi kapita hapa na simu mpya, ya mkopo, zile zinazojifunga zenyewe ukichelewesha rejesho. Ya zamani kaniachia niiuze. Nimeiweka kwenye meza elfu kumi na tano, kila anayeishika anaona nzuri, akiuliza app za benki zinaingia anairudisha.