Tignanello au Sassicaia kwa sherehe ya ndoa?

MamaLulu: Habari zenu wakuu. Tunaishi Bologna, na Desemba mimi na mzee tunasherehekea ndoa yetu. Tumetenga pesa ya chupa moja nzuri ya mvinyo mwekundu wa Toscana, hapa hapa Italia. Chakula ni bistecca, kipande kinene cha nyama ya ng'ombe, ya mkaa. Nimebaki na mbili, Tignanello na Sassicaia. Mliokunywa zote, nichukue ipi?

Mpishi_Prato: Hongera sana dada! Kwa nyama hiyo chukua Tignanello. Karibu asilimia 80 ni zabibu nyekundu aina ya Sangiovese, inayobaki ni aina nyingine mbili, Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc kidogo. Sangiovese ina uchachu unaokata mafuta ya nyama, ukimeza tu unatamani kipande kingine. Shamba lipo kwenye vilima vya Chianti Classico, eneo la Toscana linalotoa mvinyo wa Chianti, kama mita 350 hadi 400 juu ya bahari. Mchana jua kali, usiku baridi, ndiyo maana zabibu zinaiva bila kupoteza ule uchachu.

Halafu kuna historia yake. Ukoo wa Antinori umo kwenye mvinyo tangu 1385, lakini miaka ya 1970 Piero Antinori na mtaalamu wake Giacomo Tachis waliikaidi kanuni ya Chianti iliyodai zabibu nyeupe zichanganywe na nyekundu. Kufikia 1975 nyeupe walikuwa wameziacha kabisa. Mvinyo wakaulaza kwenye mapipa madogo ya mwaloni, jina la Chianti likawatoka, chupa ikauzwa kama mvinyo wa kawaida wa mezani. Huo ujasiri mimi nauheshimu mno.

Kizibo: Mpishi, Sassicaia mbona umeiruka? Mario Incisa della Rocchetta alipanda Cabernet huko Bolgheri, Toscana, karibu na bahari, miaka ya 1940 watu wakimshangaa. Kwa miaka mingi mvinyo ule ulinywewa nyumbani kwake tu, hadi mavuno ya 1968 yalipoingia sokoni. Mwaka 1978 jijini London ukazishinda Cabernet za nchi nyingine. Kwa siku kubwa kama hii, mimi nachagua Sassicaia.

Bi_Zabibu: Kizibo, heshima yake naijua, ila umri wa chupa je? Sassicaia changa ina ukakasi unaoshika ufizi, na harufu yake bado imejifungia. Inataka miaka kumi au zaidi, na chupa za umri huo bei yake inatisha. Hata ile changa, pesa yake mara nyingi inatosha Tignanello mbili. MamaLulu, kama mnakunywa mwaka huu, namuunga mkono Mpishi.

Bajeti ikibana, tafuta Marchese Antinori, Chianti Classico Riserva (yaani iliyolazwa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa). Inatoka shamba lilelile la Tignanello kwa bei nafuu sana. Ukiizungusha kwenye glasi unapata cheri iliyoiva, na tumbaku kwa mbali.

Kizibo: Kwenye umri umenikamata. Basi Sassicaia ainunue sasa, ailaze kabatini kwa sherehe za mbele.

MamaLulu: Asanteni sana wapendwa. Nimeona Tignanello ya 2019 dukani, naichukua. Niifungue saa ngapi kabla ya kula?

Mpishi_Prato: Saa moja inatosha, imimine kwenye jagi pana. Usiiweke karibu na jiko. Nyuzi 17 au 18 ndiyo sawa. Na bistecca usiikaushe, katikati ibaki nyekundu.