Nyie mnaopeleka watu kulala porini na farasi, hii ni kambi gani?

Wandugu wa Lubumbashi, maneno haya ni ya wale wanaokodisha farasi mwisho wa juma na kuingiza watu kwenye miombo ya pembezoni mwa mji. Mnapokea dola za watu, mnawasha moto, mnachoma nyama, na farasi mmewafunga kwenye mashina ya miti kama pikipiki zilizoegeshwa. Asubuhi mnaondoka. Rudini muangalie mti mliouacha: gamba limetafunwa na kusuguliwa na kamba kuzunguka shina lote, kwenye urefu wa kifua, na ule utomvu mwekundu umekauka chini yake. Udongo umechimbwa kwa kwato mpaka mizizi iko nje, imekatikakatika. Mti wa namna hiyo umekwisha kufa, hata kama majani bado mabichi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gamba la ndani. Ukilivua pande zote, mizizi inakufa njaa. Na kwenye mizizi hiyohiyo ya miombo ndipo unaishi uyoga ambao mama zetu wanauokota mvua zikianza na kuuuza kando ya barabara. Makala, yaani makaa ya kupikia, yametumalizia pori vya kutosha.

Farasi mwenyewe naye anateseka. Akifungwa kwa kamba ndefu inayolala chini, anaingiza mguu, anashtuka, anavuta, na kamba inamkata nyama juu ya kwato. Jeraha la hapo linakaa wiki nyingi. Akifungwa kwa kamba fupi mno, hawezi kushusha kichwa. Kichwa kikikaa juu usiku kucha, makamasi na vumbi havipati pa kutokea, vinashuka kwenye mapafu. Kesho yake anakohoa, nanyi mnasema ni baridi ya Julai.

Dawa ya haya yote ni kamba moja na mikanda miwili, haifiki hata bei ya tandiko la mitumba. Chukueni miti miwili hai, minene kuliko paja la mtu mzima, kwenye ardhi kavu na ngumu, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji. Kila mti uvisheni mkanda mpana wa kufungia mizigo ya lori, sentimita 5 au zaidi, ili gamba lisikatwe. Kati ya mikanda hiyo nyosheni kamba isiyovutika, unene wa milimita 10 hadi 12, juu ya kichwa cha farasi, kama mita 2 kutoka chini. Ikazeni kweli! Kamba iliyolegea katikati inashuka mpaka shingoni, na hapo mmerudi kulekule. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakijaribu, msifunge farasi kwa kitanzi kinachoteleza. Kikiteleza, farasi wawili wanakutana katikati na kupigana mateke, au mmoja anakwenda kujizungusha kwenye shina. Pigeni mafundo ya kudumu kwenye kamba ya juu, la kwanza mita 2 au zaidi kutoka kwenye mti, na kati ya farasi na farasi mita 3 au 4. Kamba inayoshuka kwenye kichwa cha mnyama iwe na urefu wa kumfikisha pua kwenye majani, lakini isilale chini. Fundo lake liwe lile la kuvuta mara moja likafunguka, na mlinzi awe na kisu. Mlinzi, nimesema. Mtu wa kukesha, asiyekunywa bia.

Kwenye misitu mingi ya taifa ya Marekani, ambako watu wanalala porini na farasi kila mwaka, kamba ya juu na mikanda ya mti ni jambo la kawaida kabisa. Kwetu mtu akija nayo mnamuuliza kama anaanika nguo.

Farasi anayechimba usiku, mara nyingi ana njaa. Tumbo lake linatoa asidi saa zote, awe anakula au hali, kwa hiyo likikaa tupu saa sita linaanza kujichoma. Mnyama wa kilo 450 anahitaji kilo 8 au 9 za majani makavu kwa siku. Msiniambie atakula ya porini. Mwezi wa nane nyasi za miombo ni mabua matupu, nguvu yote imerudi mizizini. Majani ya kambi yanakatwa mwezi wa tatu au wa nne, kabla hayajakomaa, yanaanikwa, yanawekwa juu ya mbao penye paa. Maji: bidoni 2 za lita 20 kwa kila farasi kwa siku, na chumvi ya jikoni vijiko viwili vikubwa. Msimteremshe kisimani ambako watu wanachota, wala msimpe maji ya kijito kinachotoka upande wa machimbo.

Na mahindi! Kuna watu wananunua mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo hakuna mama atakayeyasaga kwa bukari, ugali wetu, wanampa farasi kwa sababu ni rahisi. Ukungu ule unaweza kuwa na sumu inayoyeyusha ubongo wa farasi. Anaanza kuyumba, anazunguka upande mmoja, anasukuma kichwa ukutani, haoni, anakufa. Hakuna tiba. Kuyaanika juani hakuiondoi sumu. Mahindi mazuri nayo, debe zima kwa mara moja, yanamletea msokoto wa tumbo, na farasi hawezi kutapika.

Sasa kulala porini mwezi wa tatu. Nani aliwaruhusu? Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo vinauma kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza, na vinazidi mwisho wa mvua, hasa kwenye matope na mabonde yenye maji. Ndipo hasa mnapopiga kambi, kwa kuwa ni pazuri kwa picha. Mashimo ya juu ya macho yanavimba, homa inapita 40, povu linatoka puani. Farasi asiye na kinga, ukimshika mapafuni, karibu hakika anakufa, wakati mwingine ndani ya siku moja tangu dalili zionekane. Chanjo ipo na inarudiwa kila mwaka. Kambi iwe Juni mpaka Agosti, usiku ukiwa baridi. Miezi ya mvua mpande mchana, na jua halijazama mnyama awe ndani ya banda.

Njiani nako kuna aibu. Mnawapigia kelele vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala, eti wapishe. Baiskeli ya mzigo ule ikisimama kwenye mteremko inaanguka, na kuinyanyua ni kazi ya watu watatu. Mwenye farasi ndiye anayepisha. Toka njiani, mgeuze mnyama aelekee kinachokuja, kisha mwombe kijana aseme neno, hata salamu tu. Farasi anaona gunia refu linalotembea. Akisikia sauti ya mtu anatulia.

Nyie mnaolipa nanyi mna sehemu yenu. Kabla ya kutoa dola, omba tandiko livuliwe. Angalia pale juu ya mabega: nywele nyeupe kwenye farasi mwekundu ni alama ya tandiko lililombana mpaka rangi ya nywele ikafa. Kisha pitisha vidole viwili pande zote za uti wa mgongo, polepole, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Akizamisha mgongo au akigeuka kukuuma, usipande. Na uulize mbele ya wote: chanjo alipata lini, nani anakesha, na kamba ya juu iko wapi?