Naomba ushauri: kufunga geji ya temprecha kwenye lori la volti 24

Wakuu habari za leo, mafundi na madereva wa malori naombeni msaada wenu. Nina lori la tani 10, geji ya temprecha ya kwenye dashibodi inacheza tu, mara inalala chini kabisa mara inapanda ghafla, siiamini tena. Mwezi uliopita napandisha mlima Kitonga na mzigo geji ikasoma kawaida kabisa, kumbe maji yameshaisha kwenye rejeta, nikashtukia tu harufu, hedi (kichwa cha injini) ikapinda na gasketi ikaungua, hela niliyotoa pale hadi leo inaniuma.

Sasa nimenunua geji ya pembeni na sensa yake, ila imeandikwa volti 12 na gari yangu ni 24. Fundi mmoja anasema nichukue waya kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, mi naogopa maana najua hiyo betri itakuwa inaisha kabla ya mwenzake, bora niirudishe nitafute ya volti 24 au kuna kifaa cha kushushia umeme kinachoaminika?

Halafu sensa niifunge wapi, kwenye hedi karibu na themostati (valvu ya maji ya kupoza injini) au nikate hosi ya juu ya rejeta niweke adapta? Kwenye hosi ya mpira si itakosa ethi (umeme kurudi kwenye bodi)? Na maji yakivuja yakaisha sensa si itabaki kwenye hewa inidanganye tena? Aliyewahi kufunga anielekeze tafadhali, Jumatatu nina safari ya Tunduma.