Msaada wakuu: Premio yangu inalia "krrr" asubuhi, fundi anasema injini imenoki

Kihonda Kwetu:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kihonda, Morogoro, nina Toyota Premio ya 2003, injini 1ZZ, dashibodi inasoma kilomita 214,000. Gari hii ndiyo inapeleka watoto shule na mama yangu kliniki, kwa hiyo naombeni ushauri wa kweli.

Nikiwasha asubuhi inatoa mlio wa "krrrr", kama mnyororo unaburutwa juu ya bati, sekunde tatu hadi tano, kisha unapotea. Huo nimeishi nao kama miezi minne. Wiki iliyopita tulikwenda msibani Njombe. Tukipanda mlima Kitonga, watu watano na mizigo, ukaanza mlio mwingine, "tak tak tak" mwepesi. Nikikanyaga mafuta unakwenda haraka, nikiachia unapoa. Kufika nyumbani ulikuwepo hata gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Joto lipo katikati, taa ya oili haijawaka hata mara moja.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika mbili, akasema injini imenoki, yaani imeharibika ndani na inagonga, niandae milioni mbili na nusu ya injini ya mtumba. Wa pili akasema ni tapeti za haidroliki, vile vikombe vya juu ya valvu vinavyojirekebisha kwa presha ya oili, zibadilishwe zote 16. Nimsikilize nani?

Simba wa Spea:
Pole mkuu. Weka oili nzito, 20W-50, mlio unakata siku hiyo hiyo. Yangu ilinyamaza.

Mzee wa Spana:
Kijana, pole na msiba. Nimesoma maelezo yako mara mbili na hakuna mahali umesema umechomoa stiki ya oili. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa tambarare, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, usome. Usiitegemee taa. Ile taa haipimi ujazo, inapima presha, na ikiwaka injini imeshaanza kuumia. 1ZZ inabeba lita 3.7 tu ukibadilisha na filta, na matoleo yake ya mwanzo yanajulikana kwa ringi za oili, zile za kwenye pistoni, kuziba masizi, injini ikawa inakunywa oili kimya kimya bila tone kuonekana chini.

Huyo aliyekwambia tapeti za haidroliki usimpe pesa yako. 1ZZ haina. Ina vikombe vigumu, na uwazi wa valvu unapimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa ya baridi: valvu za kuingiza hewa 0.15 hadi 0.25 mm, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35.

Simba, oili nzito haijatibu kitu. Imefunika mlio, na asubuhi inachelewa kupanda juu, kule kule kwenye cheni ya ndani ya injini inakohitajika.

Bi Nuru wa Tanga:
Shikamoo Mzee. Kaka Kihonda, kabla hujafungua injini angalia na vitu vya nje. Mimi nilishaambiwa injini imekufa, kumbe bati la kukinga joto kwenye egzosi limelegea boliti. Siku nyingine ilikuwa beringi ya altaneta. Tulitoa belti ya nje, tukawasha kidogo tu, mlio haupo. Ila usiache iungurume muda mrefu bila belti, maana hiyo belti ndiyo inazungusha na pampu ya maji.

Kihonda Kwetu:
Mzee shikamoo. Nimechomoa stiki asubuhi hii. Imetoka kavu kabisa. Nimeongeza oili kidogo kidogo huku napima, imeingia lita mbili kasorobo ndipo ikafika alama ya juu. Mikono ilinitetemeka. Nilibadilisha oili miezi mitano iliyopita na sikupima tena.

Nimewasha: ule "tak tak" ulibaki kama dakika moja, ukafifia, ukaisha. "Krrr" bado upo. Dada Nuru, belti nimetoa, mlio ni ule ule, na bati la egzosi limekaza.

Mzee wa Spana:
Marahaba. Nyote wawili mmefanya kazi nzuri. Mlimani oili ni chache, inakimbilia nyuma ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, juu kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu, kunakauka. Ndiyo maana ulianza Kitonga na siyo Kihonda.

Sasa tuhakikishe hujaumiza beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya chini, na hapa usikubali mtu akuhukumu kwa kusikiliza tu. Mlio wa juu, wa valvu, ni mwepesi na unakwenda nusu ya mwendo wa injini, kwa sababu kemshafti inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Mlio wa chini ni mzito, "dung dung", unaongezeka injini ikibeba mzigo, na unausikia hata kwenye sakafu ya gari. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio. Anza kifuniko cha valvu, njoo upande wa cheni, malizia sampu. Nguo na mikono mbali na belti. Kisha, gari ikiwa silensa, chomoa soketi ya koili, inayopeleka umeme kwenye plagi, moja moja, sekunde chache tu kila silinda, maana petroli isiyochomwa inakwenda kuharibu katalisti, kichujio cha moshi kwenye egzosi. Ukichomoa ya silinda fulani na mlio wa kugonga ukapungua sana, konrodi ya silinda hiyo ndiyo yenye shida. Usipobadilika popote, injini yako bado ni yako.

Mwombe pia fundi apime presha ya oili kwa geji, injini ikiwa imepata moto. Nusu saa haifiki.

Kihonda Kwetu:
Sampu kimya. Koili zote nne, injini inatetemeka ila hakuna mlio wa kugonga unaopungua. Presha imepimwa, fundi mpya kasema ni nzuri. Bisibisi inalia upande wa cheni tu, asubuhi.

Mzee wa Spana:
Basi ni tenshena, kifaa kinachokaza cheni. Inasukumwa na oili, na ikichoka cheni inalegea mpaka presha ipande. Kwenye 1ZZ ipo nje, nyuma ya injini, nati mbili za kumi. Haihitaji kushusha injini wala kufungua kava ya cheni. Nunua na oringi yake. Kikubwa: injini isizungushwe hata kidogo tenshena ikiwa nje, cheni itaruka meno. Ikirudishwa na ndoano yake, inayoshika pini ikiwa imebanwa ndani, fundi azungushe krenki kwa mkono kinyume cha saa ndoano iachie, halafu arudi mwendo wa saa ahakikishe pini imetoka. Wengi wanasahau hapo, wanawasha, wanasema spea feki.

Filta nayo iwe nzuri, yenye vali ya kuzuia oili isirudi chini usiku. Weka 5W-30.

Simba wa Spea:
Mzee nimekuelewa. Kesho namwaga ile 20W-50.

Kihonda Kwetu:
Mrejesho wakuu. Tenshena imewekwa Jumanne, leo ni wiki ya tatu, asubuhi inawaka kimya. Mama kaingia kwenye gari akauliza kama nimebadilisha injini. Mzee, Mungu akubariki, na dada Nuru pia. Nina daftari kwenye gari, kila Jumamosi naandika kilomita na stiki. Kilomita 1,000 imekula kama nusu lita. Nifungue ringi?

Mzee wa Spana:
Bado. Kwa nusu lita endelea kuongeza, na usipitishe kilomita 5,000 bila kubadilisha oili. Ikifika lita nzima kwa kilomita 1,000, au ukiona moshi wa buluu, njoo na hilo daftari.