Yule mchambuzi wa jana usiku amecheka mizani ya marehemu, na bado mnamwita mtaalamu?

Mwana wa Genge:
Wakuu, sijalala. Ni saa nane usiku, mke wangu kaniambia zima simu mara tatu, na mikono inatetemeka kama nimekunywa birika zima la kahawa peke yangu.

Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye koti linalombana kwapani na kidole kinachotaka kutoboa kioo cha televisheni. Jana mada ilikuwa nchi za Kiarabu tangu 2010. Nikawaita watoto, nikawaambia kaeni, leo tunajifunza. Mtangazaji akamuuliza maandamano ya Tunisia yalianzaje. Jamaa akajiegemeza kitini: "Kijana mmoja alinyang'anywa mizani." Halafu AKACHEKA. "Nchi nzima kuwaka kwa ajili ya mizani ya kupimia matunda!" Akacheka tena, mpaka machozi akayafutia tai.

Mizani, wakuu. Kacheka mizani.

Mohamed Bouazizi alikuwa na miaka 26, anasukuma mkokoteni pale Sidi Bouzid, familia inamtegemea yeye. Tarehe 17 Desemba 2010 watu wa manispaa wakamchukulia mali na mizani. Akaenda ofisi ya gavana kudai, hakuna aliyemsikiliza. Akajiwasha moto nje ya jengo hilo hilo. Alifariki 4 Januari 2011, na siku 10 baadaye Rais Ben Ali, aliyekikalia kiti tangu 1987, alikuwa ndani ya ndege anakimbilia Saudia. Hiyo ndiyo mizani inayochekwa!

Mimi nimeuza machungwa miaka 9. Mgambo akiondoka na mizani yako, mzigo unaoza unautazama, na aliyekukopesha anataka hela yake jioni ile ile. Huyu bwana hata nusu kilo ya vitunguu hajawahi kupima.

Akaongeza kwamba Waarabu walikuwa wamelala tu mpaka Facebook ilipowaamsha. Wamelala! Wasudani walimwondoa mtawala wao Jenerali Abboud kwa maandamano yaliyoanza Oktoba 1964. Aprili 1985 wakamwondoa Rais Nimeiri akiwa safarini, akakwamia Cairo. Facebook ilikuwa wapi? Januari 1977 Wamisri walifurika barabarani siku mbili kwa bei ya mkate, Rais Sadat akazirudisha bei. Tunisia hiyo hiyo, mwanzoni mwa 1984, mkate ulipanda, watu wakauawa mitaani, Rais Bourguiba akatangaza mwenyewe kwamba bei irudi. Na watu wa machimbo ya fosfeti kule Gafsa, Tunisia hiyo hiyo, waliandamana miezi mingi 2008, miaka miwili kabla ya huo mkokoteni.

Hayo yote ningeyameza. Kile kicheko kimenikaa kooni. Nimekirudia kipande kile mara 40, na kila mara anacheka. Mtu kaungua, wewe unacheka? Mbele ya wanangu? Kituo kimpe mkokoteni wa machungwa autoe Dar es Salaam mpaka Tunis kwa miguu, ndipo arudi kutuchambulia.

Kijiko Cha Chai:
Mkuu, saa nane usiku unagombana na televisheni? Shemeji yetu ana kazi.

Mama Wawili:
Mimi nilikiona. Kacheka kweli, na mtangazaji naye akachekelea. Hawana adabu wote wawili.

Msoma Magazeti:
Mleta uzi umechelewa. Julai 2021 Rais Kais Saied kalisimamisha bunge la hao hao Watunisia, wewe bado unalilia mizani.

Mwana wa Genge:
@Msoma Magazeti kwa hiyo ndiyo achekwe aliyekufa? Nijibu hilo tu. Kacheka au hajacheka?

Msoma Magazeti:
Kacheka. Lakini umeandika urefu wa treni ya mizigo kwa kicheko cha sekunde tano.

Mjukuu wa Unguja, Muscat:
Nyinyi kila mkiyazungumza maandamano ya 2011 mnairuka Oman. Sohar watu walikesha kwenye kipilefti cha Globe, Sultan Qaboos akaahidi ajira 50,000. Bibi yangu alihamia huku kutoka Unguja baada ya 1970, nyumbani kwetu Kiswahili mpaka leo, lakini kwenye uchambuzi wenu sisi hatumo. Na mchambuzi wenu huyo huyo aliwahi kusema Oman haijui vita. Kule Dhofar, kusini mwa Oman, walipigana zaidi ya miaka 10, vikaisha 1976! Hilo hamkulifungulia uzi.

Kaka wa Likoni:
Ndugu wa Muscat, tuache na vita vya zamani. Dada yangu yuko Ghuba, nchi siitaji, mwajiri kamfungia pasipoti kabatini mwaka wa pili huu. Kwa mfumo wa kafala hawezi hata kuhamia nyumba nyingine bila ruhusa ya huyo bwana. Hiyo ndiyo historia ninayoijua mimi.

Mama Wawili:
Pole sana kaka. Wa kwetu alirudi na begi moja, mshahara wa miezi mitano haukulipwa.

Redio ya Babu:
Wote mmepotea. Historia ya Waarabu ni Nasser wa Misri. Tarehe 26 Julai 1956 kautaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa wakaja na mabomu wakaondoka mikono mitupu. Babu alikuwa anaisikiliza Sauti ya Cairo kwa Kiswahili, kijiji kizima kimeizunguka redio moja. Leo hakuna anayeitaja, na hili linaniudhi kuliko mizani yenu.

Kijiko Cha Chai:
Nasser yupi, yule aliyepigwa na Israeli kwa siku sita 1967?

Redio ya Babu:
Wewe kanywe chai. Kabla yake mkulima wa Misri alikuwa na ardhi? Sheria ya ardhi ya 1952 iliandikwa na nani?

Mwana wa Genge:
Wakuu, mada ni kicheko. Turudi kwenye kicheko.

Fundi Waya:
Samahani, hicho kipindi mlikionaje? King'amuzi changu kila ikifika saa tatu usiku kinaganda, na kifurushi nimelipia.

Mama Wawili:
Hata kwetu! Tangu Jumatatu.

Kaka wa Likoni:
Huku nako vilevile. Ukipiga huduma kwa wateja unawekewa muziki dakika 20.

Mwana wa Genge:
Jamani, mizani.

Fundi Waya:
@Mama Wawili jaribu kulisogeza dishi kidogo upande wa kulia, halafu niambie.