Nimepunguzwa kazi Dubai na ninashinikizwa kusaini fomu ya kufuta kibali: nifanye nini kwanza?

Mtunza_Stoo
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaoishi, au waliowahi kuishi, Falme za Kiarabu. Mimi ni Mtanzania, na nimefanya kazi ya stoo katika hoteli moja hapa Dubai kwa miaka mitatu na miezi minne. Hivi karibuni uongozi ulituita baadhi yetu ukatuambia kwamba kazi za idara yetu zitakabidhiwa kampuni ya nje, kwa hiyo tunapunguzwa. Sina onyo wala kosa kwenye faili langu.

Nimepewa barua ya kuachishwa kazi isiyotaja notisi, pamoja na fomu ya kufuta kibali cha kazi yenye sentensi inayosema kwamba nimekwisha kupokea stahiki zangu zote, ilhali sijapokea hata dirhamu moja. Ofisa wa utumishi anasema nisaini sasa, malipo yatafuata, na kwamba kiinua mgongo changu ni dirhamu 3,780. Mshahara wangu ni dirhamu 3,000, ambapo 1,800 ni mshahara wa msingi na zilizobaki ni posho ya chumba na ya usafiri. Familia iko Tanga na inanitegemea. Je, nisaini, nirudi nyumbani, au nitafute kazi nyingine nikiwa hapa hapa?

Mkaazi_wa_Deira
Pole sana, ndugu yangu. Swali la kurudi au kubaki linaweza kusubiri. La fomu haliwezi, na jibu lake ni kwamba usisaini sentensi inayosema umelipwa kabla hujalipwa. Saini hiyo ndiyo inayomruhusu mwajiri kukamilisha kufuta kibali chako, na ukiisha kuisaini utakuwa umempa ushahidi wa maandishi dhidi yako mwenyewe. Tena siku za ziada za kuishi nchini bila mwajiri huhesabiwa tangu ukaazi unapofutwa, si tangu ulipopewa barua. Kila siku unayobaki kwenye ajira kihalali ni siku ya mshahara na ni siku ya kutafuta kazi ambayo haijaanza kukatwa kwenye muda huo.

Sheria ya kazi inayotumika ni ile ya 2021, iliyoanza kutekelezwa Februari 2022. Inamtaka mwajiri atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 30 wala kuzidi 90, kulingana na mkataba, na mshahara wako uendelee wote kama kawaida. Akitaka uondoke mara moja, akulipe fedha badala ya notisi. Katika kipindi hicho, kwa kuwa yeye ndiye aliyevunja mkataba, una haki ya kuchukua siku moja kila wiki bila malipo ili utafute kazi, mradi umjulishe siku tatu kabla. Wengi wetu hatuitumii haki hii kwa kuwa hatukuwahi kuambiwa kuwa ipo.

Sasa kiinua mgongo. Kwa miaka mitano ya mwanzo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka. Msingi wako wa siku ni dirhamu 60, kwa hiyo mwaka mmoja ni dirhamu 1,260. Wamezidisha kwa miaka mitatu wakapata 3,780 na kuiacha ile miezi minne, wakati sheria inasema kwamba ukiisha kutimiza mwaka mmoja, sehemu ya mwaka unaofuata nayo hulipwa kwa uwiano wake. Hesabu sahihi ni dirhamu 4,200. Kama wamekata siku za likizo bila malipo katika hesabu yao, wazitaje kwa tarehe. Juu ya hapo kuna siku za likizo ya mwaka ambazo hukuzitumia, mshahara wa siku ulizofanya kazi, na tiketi ya kurudi nyumbani, ambayo ni jukumu la mwajiri isipokuwa ukihamia kwa mwajiri mwingine au uwe umefukuzwa kwa kosa lako. Yote haya yalipwe ndani ya siku 14 tangu mkataba unapokwisha.

Msafiri_wa_Pwani
Kwa heshima zote, kaka Mkaazi, mimi ningesaini. Nimeona watu waliogoma kusaini wakaripotiwa kuwa watoro, na mtu akiisha kuwekewa taarifa ya utoro hapati kibali kipya kwa urahisi, hata kama haki ilikuwa upande wake. Mtu mwenye familia hana nafasi ya kupigana na kampuni.

Mkaazi_wa_Deira
Hofu yako ina msingi, ndugu Msafiri, lakini dawa yake si kusaini. Taarifa ya utoro inahusu mtu aliyetoweka kazini kwa zaidi ya siku saba mfululizo bila mwajiri kujua aliko. Kwa hiyo mwenzetu aendelee kuripoti kazini kila siku hadi notisi iishe, na wakimzuia mlangoni aandike barua pepe siku hiyo hiyo kwamba amefika na amezuiwa. Barua ya kuachishwa kazi, ambayo wao wenyewe wameiandika, aipige picha na kuituma mahali ambapo simu ikipotea bado ataipata. Mtu mwenye barua hiyo na mawasiliano hayo si rahisi kuitwa mtoro.

Binti_Satwa
Naongeza jambo ambalo sijaona likitajwa. Kaka Mtunza_Stoo, ulikuwa unalipia bima ya kupoteza kazi, ile inayoitwa ILOE? Ilianza Januari 2023 na ni ya lazima kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Kwa wenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000, mchango ni dirhamu 5 kwa mwezi, na kodi huongezwa juu yake. Ukiwa umechangia angalau miezi 12 mfululizo na umeachishwa bila kosa la nidhamu, utalipwa asilimia 60 ya wastani wa mshahara wako wa msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu. Kwa msingi wa 1,800 hiyo ni dirhamu 1,080 kila mwezi. Si nyingi, lakini inalipia kitanda na chakula.

Zingatia mambo mawili. Dai liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na malipo husimama ukipata kazi nyingine au ukiondoka nchini. Vilevile, usikubali kuandika barua ya kujiuzulu hata wakikuambia kwamba itapendeza zaidi machoni pa mwajiri mpya, kwa sababu bima haimlipi aliyejiuzulu. Nimeona ombi hilo likiletwa kwa upole sana, na ni mtego.

Mtunza_Stoo
Nawashukuru nyote. Bima nililipia kila mwaka, na risiti ninazo. Nina maswali mengine mawili. Rafiki yangu anasema nikafanye kazi kwenye ghala lao Al Quoz wakati nikisubiri kibali. Pia nina mkopo mdogo wa benki unaokatwa kwenye mshahara.

Mkaazi_wa_Deira
Ghala liache mpaka kibali kitoke. Tangu marekebisho ya Agosti 2024, mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali anakabiliwa na faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja, kwa hiyo ukaguzi ukifika, wa kwanza kukukana atakuwa bosi wa rafiki yako, na wewe utabaki na hatari ya kurudishwa nyumbani. Kama kweli wanakuhitaji, wakupe barua rasmi ya ajira iliyopitia wizara ya kazi, MOHRE, na gharama za kibali walipe wao. Sheria inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama hizo, moja kwa moja au kwa kupitia wakala.

Binti_Satwa
Kuhusu mkopo, mara nyingi benki ikiona malipo ya mwisho ya kazi yameingia huizuia akaunti mpaka mpango wa ulipaji ueleweke. Nenda benki mapema ukiwa na barua yako, uombe kusogezewa makato, na uhakikishe umebaki na fedha za matumizi kabla kiinua mgongo hakijaingia. Kuondoka na deni bila makubaliano ni jambo baya zaidi, kwani mdai anaweza kuomba mahakama ikuzuie kusafiri.

Mama_Wawili
Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu ni mfanyakazi wa ndani Sharjah na ameambiwa mkataba wake umekatishwa. Je, haya yote yanamhusu?

Mkaazi_wa_Deira
Hapana, dada. Wafanyakazi wa ndani wana sheria yao ya 2022, na bima ya ILOE haiwahusu. Malalamiko yake bado hupelekwa MOHRE. Pasipoti yake lazima aishike yeye mwenyewe. Ikiwa imezuiwa, awasiliane na ubalozi. Kama ni Mtanzania au Mkenya, nchi zote mbili zina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya konseli Dubai. Ni vyema ufungue uzi wako ili apate majibu kamili.

Mtunza_Stoo
Nimerudi kutoa taarifa. Nilimwandikia ofisa wa utumishi barua pepe yenye hesabu ya dirhamu 4,200 na ombi la notisi. Amekubali notisi ya siku 30 kwa maandishi na ameahidi kurekebisha kiinua mgongo, lakini anasisitiza kwamba siku zangu za likizo zilikwisha kupotea kwa kuwa sikuziomba kwa wakati.

Mkaazi_wa_Deira
Siku za likizo ambazo hukuzitumia hulipwa kwa mshahara wa msingi ajira inapokoma, kwa hiyo mwombe akuonyeshe kifungu anachokitegemea. Akikataa, fungua lalamiko MOHRE kupitia programu yao ya simu wakati kibali chako kingali hai. Tangu Januari 2024 wizara yenyewe ina mamlaka ya kutoa uamuzi kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000, na lako liko chini sana ya hapo. Ukiisha kulipwa na kusaini, angalia kwenye mtandao wa uhamiaji wa Dubai, GDRFA, tarehe ya mwisho ya muda wako wa ziada. Muda huo hutofautiana kwa aina ya kibali, kati ya siku 30 na 180, kwa hiyo usifuate siku alizopewa mwenzako wa chumbani. Ukizidisha, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku.