Tupeane uzoefu: wewe uliyefanya kibarua kwa miaka, mkataba uliupataje?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, habari za kazi. Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu akiwa nje ya geti la kiwanda alichokitumikia kwa miaka 3. Alikuwa ameambiwa "kesho usije", bila barua na bila sababu. Aliponiuliza aanzie wapi, niliona kwamba karibu yote ninayoyajua kuhusu haki za kazi niliyapata kwa kuumia, na kwamba hakuna aliyewahi kuniketisha akanieleza. Ndiyo maana nimefungua mada hii. Nitaanza mimi, kisha naomba kila mwenye kisa chake akieleze kama kilivyokuwa, hata kama hakikuisha vizuri.

Nilifanya kibarua kwa miaka 4 na miezi 2 katika kiwanda cha vyombo vya plastiki kandokando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Saa 11:30 alfajiri tulikuwa tumeshajipanga getini, watu 60 au 70, na msimamizi akipita mbele yetu akitunyooshea kalamu: wewe, wewe, na wewe. Aliyenyooshewa aliingia, aliyeachwa alirudi Gongo la Mboto kwa miguu, kwa kuwa nauli aliyokuja nayo ilikuwa ya kwendea tu. Sisi tuliozizoea mashine tulichaguliwa kila siku, kwa hiyo katika miaka yote hiyo sikukosa kazi ila siku za kuhesabika. Hata hivyo, kila Jumamosi nilipopokea bahasha nilitia saini kwenye karatasi iliyoandikwa juu yake "malipo ya kibarua wa siku", kana kwamba ndiyo kwanza tumeonana asubuhi ile.

Zamu ya usiku ilianza saa 12 jioni ikaisha saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Ukitoa saa moja ya chakula, hizo ni saa 66, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na inakataza saa za ziada kuzidi 50 katika wiki 4. Zetu zilifika 84. Sheria hiyohiyo inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Katika bahasha yangu sikuwahi kuona hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Jambo moja nililifanya sawasawa, ingawa sikujua uzito wake: niliandika. Siku moja tulipishana na karani juu ya hesabu ya bahasha, nikaona aibu kwamba sina cha kumwonyesha. Nikanunua daftari, na tangu siku hiyo kila zamu niliandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya mashine na jina la msimamizi wa zamu. Kurasa zililainika kwa mafuta ya mashine hadi zikawa zinapitisha mwanga, lakini maandishi yalisomeka. Nilimaliza madaftari matatu.

Mwaka wa nne wenzetu wachache wenye ajira ya kudumu walikuwa wakijenga tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara. Katibu wao aliniuliza kama ninaweza kuthibitisha kwamba ninafanya kazi pale, nikamletea yale madaftari. Aliyafunua taratibu, kisha akanieleza mambo mawili ambayo naomba kila anayesoma hapa ayashike. La kwanza ni kwamba kifungu cha 15 cha sheria niliyoitaja kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi tangu anapoanza kazi, isipokuwa kwa anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Na kesi ikifika mezani, mwajiri asiyeweza kuyaonyesha maandishi hayo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. La pili ni kwamba kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo mathalani anapangiwa saa zake, au anapewa vifaa vya kazi, au amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mimi saa hizo 45 nilikuwa nikizimaliza kabla wiki haijakatika.

Tulijaza fomu za TUF 6 za kuruhusu makato ya ada ya chama, mmoja baada ya mwingine, wengi wetu wakati wa chakula na kwa woga. Tulipovuka nusu ya wafanyakazi, mwajiri hakuwa na njia ila kukitambua chama na kukaa kwenye majadiliano. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, uliposainiwa, vibarua 41 tulipewa mikataba ya ajira, na miaka yetu ya nyuma ikahesabiwa. Hilo la miaka tulilipigania kuliko hata nyongeza ya mshahara, kwa sababu kiinua mgongo hukokotolewa kwa siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kukubali kuanza upya kungekuwa kuifuta miaka 4 ya usingizi wetu.

Nawakaribisha.

Mshonaji wa Athi River

Asante ndugu kwa kuanza. Mimi niko Kenya, nimeshona suruali za kusafirishwa ng'ambo kwa miaka 6. Kwetu ujanja ulikuwa kandarasi ya miezi 3, kisha unakaa nyumbani wiki moja, kisha unaitwa tena kama mgeni, unapewa namba mpya na cherehani ileile uliyoiacha. Mwenzangu alipougua na kuachishwa, tulikwenda pamoja katika ofisi ya leba. Afisa alitufungulia Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, kinachosema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi 3, ajira yake hugeuka kuwa ya malipo ya mwezi na hastahili kuondolewa bila notisi. Cherehani ya kiwanda haina siku ya kumaliza kazi, na hiyo ndiyo hoja iliyotubeba.

Mwenzangu hakuwa na daftari. Alichokuwa nacho ni jumbe za M-Pesa za mishahara ya miaka miwili, ambazo hakuwahi kuzifuta, na hizo zilitosha. Alilipwa notisi na likizo alizokuwa akidai. Kurudi kazini hakurudi, nami sitawaambia kwamba hilo halikuniuma.

Mama Wawili, Usa River

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ninatoka kwenye mashamba ya maua ya waridi huku Arusha. Mtoto wangu wa kwanza nilimpata nikiwa kibarua. Nilikata maua hadi wiki ya mwisho, nikajifungua, na siku ya 23 nilikuwa nimerudi ndani ya banda kwa sababu hapakuwa na shilingi nyumbani. Maziwa yalikuwa yakinivuja nikiwa nimeshika mkasi, nikijifunga khanga mbili kifuani ili msimamizi asione. Mtoto alikuwa kwa jirani akinyweshwa uji mwepesi. Hilo sitalisahau.

Mtoto wa pili nilimpata baada ya chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kufunga mkataba na shamba, nami nikiwa na ajira ya maandishi. Nilipata siku 84 za likizo yenye malipo, ambazo huwa 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na niliporudi nilipewa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, kama sheria inavyotaka. Shamba ni lilelile, mkasi ni uleule, na mikono ni hii hii yangu. Dada zangu mlio vibarua na mna mimba, msinyamaze: likizo hiyo inamhitaji mtu awe ametimiza miezi 6 kazini, kwa hiyo tunzeni ushahidi wa siku mliyoanza.

Seremala wa Keko

Naomba niongee kwa upande wa mwajiri mdogo, maana tupo na sisi. Nina karakana ya fenicha yenye vijana 6. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mikataba ni ya wenye viwanda vikubwa, na nilikuwa nikiwalipa kwa kitanda kilichokamilika. Mwaka juzi nilijiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, zaidi kwa kushinikizwa na mteja mmoja aliyetaka vyeti kabla ya kunipa tenda. Mchango wake anatoa mwajiri peke yake, haruhusiwi kumkata kijana. Miezi 8 baadaye mashine ya randa ilimkata kijana wangu vidole viwili. Mfuko ulibeba matibabu, kisha fidia. Ningeulizwa nitoe mfukoni ningeuza mashine zote, na yeye angebaki bila vidole na bila kazi.

Gharama zipo, siwezi kusema hazipo. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake ni yangu. Lakini vijana wangu hawahamihami tena kila anapotokea mtu wa kuwaongezea elfu mbili, na mbao zinazoharibika zimepungua kwa sababu anayekata leo ndiye aliyekata mwaka jana.

Aliyechelewa

Nimesoma kwa uchungu. Mimi niliachishwa ghala moja la vinywaji baada ya miaka 5. Afisa rasilimali watu aliniambia nisubiri, jina langu litapelekwa juu, nami nikasubiri kwa adabu miezi 3. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikaelezwa kwamba malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Nilijaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini ahadi ya mdomo haikukubaliwa kuwa sababu ya kutosha, na shauri likaishia hapo. Nilikuwa na vitambulisho, nilikuwa na mashahidi, kesi yangu ilikuwa nzuri. Mwajiri akikwambia subiri, msubiri huku fomu yako ikiwa tayari imepokelewa Tume.

Mlinzi wa Usiku

Kaka mwanzisha mada, nimeondolewa lindoni siku 19 zilizopita. Nilikuwa na miezi 7, ila kwa vipande viwili: miezi 4, halafu 3, kila kipande na karatasi yake. Wananiambia sijatimiza miezi 6 kwa hiyo sina la kudai. Ni kweli?

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, pole sana. Sheria inasema miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi, kwa hiyo usikubali wakuhesabie kipande cha mwisho peke yake. Umebakiwa na siku 11. Jaza fomu namba 1 ya Tume, usiiache sehemu B kwa kuwa ndiyo inayohusu kuachishwa kazi, mpelekee mwajiri nakala na uhakikishe unapata uthibitisho kwamba ameipokea. Una kumbukumbu gani?

Mlinzi wa Usiku

Hiyo karatasi ya kwanza walinipa, ya pili walibaki nayo. Nina picha nilizopiga kwa simu za kitabu cha matukio, zenye mwandiko wangu na saa za kupokea lindo. Baadhi zina ukungu.

Mwanzisha mada

Zichapishe zote, hata zenye ukungu, na uzipange kwa tarehe. Jumatatu ninampeleka Tume yule mdogo wangu niliyemtaja mwanzoni, tutakuwa mlangoni saa 2 asubuhi. Njoo tuingie pamoja.